Naomba ushauri: watoto wangu watatu wanasoma nyumbani, kipindi cha muziki kimekuwa ugomvi

Mama Mikindani
Habari za jioni wakuu. Niko Mikindani. Kazi ya mume wangu ni ya kuhamahama, leo Mtwara mjini, kesho Newala, mwezi ujao hata Tunduru, kwa hiyo tukaamua watoto wasomee nyumbani. Hesabu, Kiswahili na sayansi zinakwenda vizuri. Mambo ya usajili tulishakaa na ofisi ya elimu, naombeni tusihamie huko. Kinachonishinda ni muziki.

Mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, wa mwisho 4. Baba yao alileta kinanda cha umeme. Mkubwa kakishika, anajifunza kwa video, akikosea hata kidogo anarudi mwanzo. Wa kati akisikia tu kinanda anakamata ndoo ya lita 20 na mwiko wangu wa ugali. Mdogo naye anajipenyeza katikati, anabonyeza kwa viganja vyote viwili. Ikifika alasiri mkubwa analia, wa kati kanuna, mdogo peke yake ndiye mwenye raha.

Nataka wafurahie pamoja, maana hawana wenzao wa darasani. Je, ninunue vinanda vingine, nitafute mwalimu awafundishe wote somo moja, au niwapangie zamu? Mama mkwe yuko hapa kwetu mpaka msimu wa korosho uanze, yeye anasema niwaache tu. Sasa niwaache vipi na kelele zile?

Kusini Kwetu
Vinanda vitatu ndani ya nyumba moja? Dada, utahama wewe uwaachie wao nyumba.

Mzee wa Chikongola
Zamu. Saa kwenye ukuta, nusu saa kila mtu. Kwangu ilifaa.

Mama Mikindani
Shikamoo mzee. Zamu nimejaribu, ila wakati wa zamu ya mmoja wengine wawili wanakaa wanasubiri kama wako kwa daktari. Hapo sioni pamoja yoyote.

Fundi Ngoma
Mama, mimi ni mwalimu wa muziki, nimepita chuo cha sanaa Bagamoyo, hiki kinachoitwa TaSUBa tangu 2007. Ngoja niseme kwa kirefu kidogo.

Somo moja kwa watoto wa miaka 11, 8 na 4 halitawezekana. Wa 11 atachoka kumsubiri wa 4, na wa 4 hatamfikia. Angalia ngoma zetu zinavyopigwa. Hakuna wapigaji watatu wanaopiga kitu kimoja. Ngoma ndogo inashika mwendo, haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili inajibizana nayo. Kubwa ndiyo inayosema, inamwita mchezaji, inageuza mtindo. Ukimtoa mmoja, wote wanapwaya. Hiyo ndiyo pamoja unayoitafuta: kila mmoja na kazi yake, na kazi hiyo wenzake wanaihitaji.

Sasa wazazi wengi hukosea hapa: ngoma ndogo wanampa mtoto mdogo kwa sababu ya ukubwa wake. Kushika mwendo bila kuyumba ndiyo kazi inayotaka utulivu kuliko zote. Mpe huyo mkubwa wako anayerudi mwanzo akikosea, atakufaa sana. Mwenye ndoo mpe ngoma kubwa, mwache aseme. Wa miaka 4 mpe manyanga: kopo la maziwa, choroko kiganja kimoja, funga mdomo kwa kitambaa na mpira. Akitoka nje ya mwendo hakuna anayeumia.

Kinanda mwachie mkubwa awe na saa yake asubuhi, mlango umefungwa. Hicho ni chake. Asilazimishwe kukigawa.

Ustadhi wa Ligula
Assalaam alaykum. Dada, kama nyumba yenu ni ya Kiislamu, anza na dufu. Wapo masheikh wanaoruhusu dufu tu, na wapo wasiotaka hata hilo, kwa hiyo muulize baba yao kwanza mkubaliane. Kaswida inafaa watoto wa rika tofauti. Mmoja anatoa ubeti, wengine wanaitikia kiitikio kilekile. Wa miaka 4 atajua kiitikio kabla hujamaliza kupika.

Kusini Kwetu
Ustadhi kasema kweli. Ila msisahau na sindimba, huku ndiko kwao. Enzi za Mwalimu ilichezwa mpaka mashuleni huko bara, leo watoto wetu wa Mtwara wanaijua kwa kusikia tu.

Binti Newala
Mimi nitarudi kwa mama mkwe. Dada, unaye mtu ndani ya nyumba halafu unatafuta mwalimu? Mwambie usiku awasimulie hadithi zile zenye wimbo katikati. Mnyama akifika mtoni anaimba, wasikilizaji wanaitikia, hadithi inasonga. Akifika tena mtoni wimbo unarudi. Umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi. Watoto wangu wameokota Kimakonde kingi humo, mimi mwenyewe mamao nilishindwa kuwafundisha.

Angalizo moja: nyimbo za jando na unyago zina mahali pake na watu wake. Bibi anajua ipi ya watoto na ipi siyo. Usimkalie na simu unamrekodi kila anachoimba, ukaja kurusha mtandaoni. Muulize kwanza.

Mzee wa Chikongola
Binti wa Newala umenena.

Mama Mikindani
Asanteni sana. Nimemuuliza bibi, kacheka, kasema kumbe nilitaka kulipa mwalimu! Jana jioni tumejaribu. Baba yao kapata ngoma mbili kwa jamaa yake wa Naliendele, moja ile yenye mguu unaochomekwa ardhini. Mkubwa aligoma kidogo kuambiwa ashike mwendo, akasema ni kazi ya kitoto. Bibi akamwambia apige bila kuyumba mpaka yeye amalize kupeta mchele. Hakuweza! Sasa amekazana. Wa kati kelele zake zimepata pa kwenda. Mdogo kapasua kopo la kwanza, choroko uwanja mzima, kuku wamefaidi.

Swali kwa Fundi: ile ya mguu asubuhi ililia vizuri, jioni baada ya mvua ikawa inatoa sauti ya boksi. Imeharibika?

Fundi Ngoma
Haijaharibika. Ngozi imenywa unyevu imelegea, pwani ndivyo ilivyo. Washa moto mdogo wa makuti au majani makavu, elekeza uso wa ngoma kwenye joto, usiusogeze mpaka ukaungua. Izungushe polepole, huku ukiigonga kwa kidole. Utasikia sauti inapanda. Ikianza kulia kavu, iondoe hapo hapo, ukizidisha ngozi inapasuka. Ukiona duara jeusi la nta katikati ya ngozi usilibandue, limewekwa makusudi kuipa sauti uzito, na hilo ulikinge na joto kali maana linayeyuka. Kazi ya moto fanya wewe au bibi. Kusikiliza sauti mwachie mkubwa, ana sikio huyo.

Ustadhi wa Ligula
Na dufu ni vivyo hivyo, ila ngozi yake ni nyembamba, jua la saa nne tu linatosha.

Kusini Kwetu
Mama Mikindani, mimi nipo Mikindani pia, upande wa barabara kuu. Ninao wawili, miaka 7 na 9, wanasoma shule ya kawaida. Jumamosi wanaweza kuja?

Mama Mikindani
Waje baada ya alasiri, kila mmoja na kopo lake. Choroko mje nazo, zangu zimekwisha.