Mmezikata springi zangu kwa grainda mkaniuzia kuwa mpya: mafundi wa magari ya nguvu Mombasa, tuelezeni

Wadau, nina hasira na sitaki kuambiwa nipoe kwanza ndio niandike. Gereji moja ya hapa Mombasa, jina silitaji, imenitoza pesa za springi mpya, shokamzoba mpya na kutyuni injini (kupanga upya kompyuta yake ili iongeze nguvu) kwenye Ford Mustang GT yangu ya 2016. Nilichorudishiwa ni springi zile zile zilizotoka nalo kiwandani, zimekatwa kwa grainda, zikapigwa rangi nyekundu, zikarudishwa mahali pake. Shokamzoba ni zile zile pia, zimeoshwa kwa petroli zikang'aa. Fundi mwengine kule Changamwe ndiye aliyelipandisha gari akanionyesha ncha iliyokatwa, na makali ya chuma hata hayakusagwa.

Kwa wasiolijua gari hili, nieleze kidogo. Mustang ilianza kuuzwa 1964, na kwa miaka mingi sifa yake ilikuwa kwenda mbio kwenye mstari ulionyooka. Nyuma ilikuwa na ekseli moja ngumu, tairi moja likikanyaga shimo na la upande wa pili linasikia. Kizazi cha 2015 ndicho kilicholeta magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kwa magari yote ya aina hiyo, na ndicho cha kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Ndiyo maana la kwangu limetoka Uingereza likashushwa Kilindini likapata namba za Kenya bila taabu. Chini ya boneti ni V8 ya lita 5.0, nguvu za farasi 435 kwa hesabu ya Marekani, na gari zima lina uzito wa karibu tani 1.7. Uzito huo muuweke akilini, maana kila nitakalolisema linarudi hapo.

Sikuomba mbwembwe. Nilitaka gari litulie kwenye zile kona za kupanda Mazeras, lisiiname pua nikikanyaga breki, na injini ipumue vizuri zaidi kwa joto letu. Nikamweleza mwenye gereji springi ninazozitaka, za kulishusha milimita 25 tu, kwa sababu matuta ya Bamburi na Utange sote tunayajua. Akaniambia zipo, lete gari.

Sasa tuzungumze springi, maana hapa ndipo wanapowaibia watu wengi, na si wenye Mustang peke yao. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya wake, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi ya mizunguko sita ukiikata mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20, na papo hapo imekuwa fupi. Kwa macho gari limeshuka, mteja amefurahi, picha imepigwa. Lakini shokamzoba ilitengenezwa kuituliza springi ya zamani, si hii iliyogeuzwa. Ikiruka, shokamzoba haiwezi kuishika, gari linabaki likidundadunda hata baada ya tuta kupita. Na kwa kuwa nafasi ya kushuka imeliwa, kila shimo la kiasi linapeleka mguu wa gari (springi na shokamzoba) hadi mwisho, mpira wa kuzuia unagonga chuma. Kwenye kona hilo ni hatari ya kweli, kwa sababu mpira ukigonga, upande huo unakuwa mgumu ghafla na tairi linaachia lami.

Kwenye Mustang hii kuna ubaya mwengine. Nyuma, springi haikushikana na shokamzoba, imekaa peke yake juu ya mkono wa chini. Kinachoizuia isihame ni urefu wake na namna ncha yake inavyokaa kwenye kitako. Ukiikata, ncha haikai tena. Gurudumu likining'inia, mfano ukivuka tuta kubwa kwa pembe, springi inalegea na inaweza kuzunguka au kutoka mahali pake. Ule mlio niliokuwa nikiusikia nyuma kila nikitoka Nyali kumbe ndio huo. Mwenye gereji aliniambia ni bushi mpya, ile mipira ya kwenye viungo vya mguu wa gari, zinajizoesha.

Na hapa petu pwani kuna chumvi! Kiwanda kinaipaka springi kinga maalum kwa sababu chuma hicho kina mvutano mkubwa, kikipata kutu ya kuchimba hata kidogo, ufa unaanzia hapo. Grainda imeondoa kinga, joto lake limeharibu chuma pale kilipokatwa, halafu wamepiga rangi ya kopo juu. Upepo wa bahari unafanya kazi usiku na mchana. Springi ikikatika nikiwa kwenye Daraja la Nyali saa za watu kutoka kazini, na lori nyuma yangu, nani atajibu?

Bushi nazo. Walifungua mikono yote ya nyuma, wakakaza boliti gari likiwa limening'inia juu, magurudumu hewani. Kila fundi aliyefunzwa anajua bushi za mpira zilizoungwa na chuma hukazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Ukizikaza zikiwa zimening'inia, siku unaposhusha gari mpira unajipinda na unabaki umepinda maisha yake yote, hadi uchanike. Hili halitaki mashine ya mamilioni. Linataka jeki mbili, mbao na subira.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha mikao ya magurudumu, hawakufanya kabisa. Gari likishuka, magurudumu yanaegemea ndani kwa juu na mwelekeo wa mbele unabadilika, hilo ni jambo la lazima, halina mjadala. Matairi yangu ya nyuma, 275/40 ya inchi 19, yameliwa upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana, na nje bado mapya. Bei ya tairi hilo moja wenye nalo wanaijua.

Tuje kwenye injini. Hapa walinitia faili ya kompyuta iliyotoka kwenye intaneti, imeandikiwa petroli ya oktani 93 ya Marekani, namba inayoonyesha petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Nilipouliza, nikaambiwa 93 ni 93 dunia nzima. Si kweli. Marekani, namba ya kwenye pampu ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Sisi huku tunahesabu kwa RON peke yake, kama Uingereza. Ile 93 yao kwa hesabu yetu ni kama 98. Kwa hivyo faili imeipa injini cheche mapema kwa petroli ambayo haimo tangini mwangu. Injini hii inabana hewa mara 11, haina uvumilivu mwingi. Mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na ukikanyaga kupanda Mazeras unasikia mlio kama changarawe zikitikiswa ndani ya kopo. Kompyuta ina masikio yake, ikisikia hivyo inarudisha cheche nyuma, na nguvu inapungua. Nimelipa kuongezewa nguvu, gari likawa zito kuondoka kuliko lilivyokuja. Na siku kompyuta isipowahi, pistoni inatoboka.

Halafu wakafunga ile chujio ya hewa ya wazi, yenye umbo la pia, ndani ya boneti, pembeni ya injini. Inatoa mlio mzuri, sikatai. Lakini hewa ya moto ina oksijeni kidogo: kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka unapoteza kama asilimia 3 ya hewa inayoingia. Simama foleni ya feri Likoni mwezi wa Februari, boneti imefungwa, halafu uniambie chujio hiyo inavuta hewa gani. Sanduku la kiwandani linavuta hewa ya nje kutoka mbele ya gari. Wamelitoa wakalitupa, na nilipolidai hawakulipata.

Nikaonyeshwa na karatasi ya daino, ile mashine ya kupimia nguvu za gari, mchoro mzuri, farasi 480. Haina namba ya gari, haina tarehe, haisemi kama nguvu imepimwa kwenye magurudumu au ni ya injini, wala joto la chumba. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa ya gari lolote. Ningeridhika na rekodi ya kompyuta ya dakika chache tu: joto la hewa inayoingia, cheche zimerudishwa kiasi gani, mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hiyo haidanganyi na inatoka kwenye gari langu mwenyewe.

Breki hata hawakuzigusa. Mtu anakuongezea mwendo na hakuulizi breki! Ukitoka kilomita 100 kwa saa ukafika 140, mzigo wa breki unakaribia kuwa maradufu, hiyo ni hesabu ya shule. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na unyevu wa Mombasa mnaujua. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishavuta maji kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Kuyabadilisha ni kazi ya saa moja. Ingekuwa mimi ndiye fundi, ningemkatalia mteja farasi hata mmoja mpaka mafuta ya breki yabadilishwe na matairi yasomwe tarehe, zile tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka.

Nilirudi kwao. Kwa heshima, na fundi wa Changamwe nikaja naye. Mwenye gereji akasema springi za kukata ndio mtindo wa hapa, kila mtu anafanya, na kwamba mimi nimesoma sana mitandaoni. Yakhe, kama ndio mtindo, kwa nini uziandike mpya kwenye risiti? Mtu akitaka kukatiwa springi akajua zimekatwa, hayo ni yake na roho yake. Wazee wetu walisema rahisi yavunja upishi, lakini mimi sikununua rahisi. Nimelipa bei ya kitu kizima nikapewa kilichokatwa, huo ni wizi, sina neno lingine.

Kinachoniuma ni kwamba mafundi hodari tunao. Kuna wazee Mwembe Tayari na Magongo wanaosikiliza injini na kukwambia silinda gani ina tatizo kabla hawajafungua boneti. Vijana wanaojifunza kwao wanaona gereji za taa za rangi na spika kubwa zinapata wateja kwa uongo, nao wanaiga. Leo ukipita Links Road jioni utaona Mark X na Subaru ngapi zimeshushwa hivi hivi, na ndani ni watoto wa watu.

Ninachotaka kwa gereji yoyote inayojiita ya magari ya nguvu ni jambo jepesi. Nionyeshe kipuri ndani ya boksi lake, namba yake niisome kabla hujakifunga. Cha zamani nirudishie. Nipe karatasi ya alaimenti. Ukigusa kompyuta ya injini, niachie na faili la awali. Anza na matairi, breki na mguu wa gari, halafu bushi za fremu ndogo ya nyuma, ile inayobeba mguu wa nyuma, ambazo kwenye Mustang hii ni laini na ndizo zinazofanya magurudumu yarukeruke ukiondoka kwa nguvu. Kisha mfumo wa kupooza injini. Nguvu ije mwisho, gari likiwa tayari kuibeba.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mnaosema niuze ninunue Probox, barabara zetu ni mbovu kwa gari hili: ubovu wa barabara ndio sababu ya kutaka springi nzima na shokamzoba inayolingana nayo. Hata Probox ikikatwa springi inaua.

Mnaotaka jina: hapa sitaji. Risiti na picha ninazo na nimeanza kuyafuata haya kwa njia ya sheria.

Aliyeuliza kuhusu supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi) kwa injini hii: kabla ya kufikiria hilo, ulizia gia za pampu ya oili. Za kiwandani ni za unga wa chuma uliobanwa, na zinajulikana kupasuka injini ikiongezewa nguvu nyingi na kuzungushwa juu. Zikipasuka injini inakufa kwa kukosa oili. Atakayekufungia supachaja bila kukutajia gia hizo, chukua ufunguo wako uondoke.

Na mimi nina swali langu. Springi halisi nimeagiza zinakuja kwa meli. Mwenye kujua gereji yenye mashine ya alaimenti inayotoa karatasi ya kabla na baada, na fundi anayekaza bushi gari likiwa chini, popote kuanzia Mtwapa hadi Ukunda, aandike hapa pamoja na bei aliyolipa yeye mwenyewe.