Mrejesho: binti yangu na kipindi cha dini shuleni
Wiki tatu zilizopita niliomba ushauri kwa sababu binti yangu, aliye kidato cha pili katika shule ya serikali, alikuwa akiketishwa katika kipindi cha dini cha Wakristo ilhali sisi ni Waislamu, eti kwa kuwa Waislamu hawakuwa na mwalimu. Nawashukuru mlioniambia nianze kwa mkuu wa shule badala ya kukimbilia wilayani.

Nilimkuta muungwana. Sikulazimika kumsomea ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania, inayoifanya ibada kuwa hiari ya mtu binafsi na kuuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, maana aliijua kuliko mimi. Alinieleza kwamba wao hutoa muda na darasa, lakini mwalimu huletwa na waumini wenyewe, na kwamba msikiti wetu (hapo niliona haya) haukuwa umeleta mtu tangu ustadhi wa awali ahame.

Nilirudi kwa imamu. Sasa kijana mmoja wa madrasa hufundisha kila Ijumaa asubuhi, na asiyetaka kuhudhuria hujisomea maktaba.