Tumeuziwa siku 14 Himalaya, tukapewa 9. Nataka hela ya siku zangu

Wakuu habari zenu. Humu mimi ni msomaji tu, kuandika siandiki sana, ila hili jambo limenikaa kooni tangu nirudi na sioni sababu ya kulinyamazia. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Novemba iliyopita tulikwenda Nepal kundi la watu sita, Watanzania wanne na Wakenya wawili. Kila mtu alilipa dola 2,850 kwa wakala wa hapa hapa nchini, ambaye alitukabidhi kwa kampuni ya Kathmandu. Tiketi ya Dar–Doha–Kathmandu ilikuwa juu yetu, na viza dola 50 juu yetu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Hiyo hela ni akiba ya miaka mitatu pamoja na mkopo wa SACCOS ambao hadi leo nakatwa kwenye mshahara. Majina ya kampuni zote mbili nayaacha kwa sasa kwa sababu madai yangu bado yako mezani kwao.

Tulichouziwa ni hiki, na ratiba ninayo, imepigwa mhuri: siku 14 kutoka Lukla, kwenye kiwanja cha ndege cha kuanzia safari, kwenda kambi ya chini ya Everest (Base Camp) na kurudi Lukla, pamoja na "utamaduni wa Kibudha". Siku ya kwanza kulala Phakding. Namche usiku mbili. Tengboche usiku mbili, tena kwa maandishi meusi, tukiwa pale siku ya ngoma za Mani Rimdu. Dingboche usiku mbili. Halafu Lobuche, Gorak Shep, na kurudi taratibu. Kathmandu siku mbili kamili za Swayambhunath na Boudhanath, sehemu mbili takatifu za Kibudha.

Kwa wasiojua, Mani Rimdu ni sikukuu ya watawa wa Khumbu, eneo la chini ya Everest. Wanasali siku nyingi ndani, wanachora duara kubwa la mchanga wa rangi punje kwa punje, kisha kuna siku tatu za hadhara: siku ya baraka, siku ya ngoma za vinyago uani, na siku ya moto. Mwisho ule mchoro wote wanaufuta. Monasteri ya Tengboche yenyewe ilijengwa 1916, tetemeko la 1934 likaiangusha, 1989 ikateketea kwa moto, na kila mara watu wale wakaijenga tena palepale mgongoni mwa mlima, mita 3,860 na kitu. Mimi kilichonitoa Moshi ni hicho. Base Camp ningeifika au nisingeifika, sawa tu. Nimezaliwa chini ya Kibo, kwetu wazee walizikwa wameelekezwa kwenye mlima, nilitaka kuona watu wengine wanauheshimu vipi mlima wao.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Kwanza, ndege ya Lukla tuliambiwa inaondoka Kathmandu. Usiku wa saa saba tunaamshwa, tunapakiwa kwenye gari, mwendo wa zaidi ya saa nne za kona hadi Manthali kule Ramechhap. Msimu wa watalii wengi ndege huhamishiwa huko, jambo linalojulikana kabisa, kila mwenye kampuni Kathmandu analijua miezi kabla. Sisi hatukuambiwa. Hilo ningelisamehe.

Tumetua Lukla, mita 2,860, kile kiwanja chenye barabara ya mita 527 iliyoinamia bonde, watu hata hawajanywa chai vizuri, kiongozi wetu anasema leo tunalala Namche. Namche! Ratiba inasema Phakding. Nikamuuliza, kaka, mbona tunaruka siku? Akasema nyinyi ni watu wa Kilimanjaro, mna nguvu, Phakding hakuna cha kuona. Tuliingia Namche saa mbili usiku kwa tochi, mita 3,440, watu wawili tayari vichwa vinawagonga.

Nikajua angalau kesho tunapumzika. Siku ya kupumzika Namche haikuwekwa kwa ajili ya kulala kitandani. Unapanda mchana hadi Khumjung, juu kidogo, unakaa, unashuka kulala chini, mwili unazoea. Na kule Khumjung ndiko kuna monasteri na kijiji kizima chini ya Khumbila, mlima ambao Washerpa, wenyeji wa huko, wanauheshimu kama makao ya mlinzi wa bonde lao, haupandwi. Mnaona? Siku ya kuzoea hewa na siku ya utamaduni ni siku ileile moja. Tengboche hivyo hivyo, Dingboche hivyo hivyo. Ukiikata, umemwibia mgeni alichokilipia na umemweka kwenye hatari kwa mkato mmoja. Ndicho kinachoniuma zaidi, na ndicho wakala hataki kukielewa kila nikimpigia. Ananijibu "lakini dada, mlima si mliuona?"

Asubuhi saa kumi na mbili: mabegi nje, tunaondoka.

Hapa niseme habari ya mpagazi. Mkataba unasema mpagazi mmoja kwa wageni wawili, mwisho kilo 30. Sita sisi, wapagazi watatu. Walikuja wawili. Mmoja wao, kijana wa Kirai kutoka mabonde ya chini (wapagazi wengi kule si Washerpa kabisa, Sherpa ni jina la kabila, si la kazi), sisi tulimwita dai, yaani kaka, kama wanavyoitana wenyewe. Alifunga mabegi matatu yetu kwa kamba, akaweka begi la kiongozi juu yake, akapitisha ule mkanda wao wa namlo kwenye paji la uso, akainuka. Loji ya Namche ilikuwa na mzani wa kuning'iniza. Niliomba tupime. Kilo 43. Nina picha ya mzani.

Baba yangu alibeba mizigo njia ya Marangu miaka mingi. Alikuwa "mgumu", ndivyo wapagazi wanavyoitwa kwetu, kabla hapajawa na mtu wa kumpimia mzigo getini. Leo Kilimanjaro mwisho ni kilo 20 na mzigo unapimwa, na watu wamepigania hilo. Mimi nikae nimtazame mtoto wa mtu mwenye viatu vya turubai na kilo 43 kichwani kwa sababu mtu mmoja Kathmandu ameamua kula posho ya mpagazi wa tatu? Nilitoa begi langu dogo na mfuko wa kulalia nikabeba mwenyewe. Kiongozi alikasirika, akasema namharibia kazi.

Na huyo dai ndiye aliyenifundisha utamaduni tuliolipia. Njia nzima kuna kuta za mawe yaliyochongwa sala, wanaita mani. Desturi ni kuzunguka kwa mkono wa saa, unapita upande wa kushoto wa ukuta ili ukuta uwe kuliani kwako. Kiongozi wetu alitupitisha popote palipokuwa pafupi. Yule kijana na mzigo wake, mahali ambapo upande wa kushoto ulipanda juu kidogo na upande wa kulia ni tambarare, alipanda. Kila ukuta. Hakusema neno, anashika kamba za namlo karibu na masikio kwa mikono miwili, anapanda, anazunguka, anateremka. Nikaanza kumfuata yeye. Mchana nikamuuliza kwa ishara, akacheka, akanionyesha ile sala yao, om mani padme hum, kwa kidole kwenye jiwe, herufi kwa herufi.

Tengboche tukafika siku ya pili badala ya ya nne. Kwa hiyo ngoma bado siku tatu. Uani wanafunga vitambaa, wanapanga viti, moshi wa mreteni unatoka kwenye chetezo nje ya lango. Tumevua viatu, tumeingia, watawa wamekaa kwa mistari wanasoma, lile pembe refu linalia unalisikia kifuani si masikioni. Nilikaa sakafuni. Dakika ishirini. Kiongozi akaja akanigusa bega akaonyesha saa. Nikamwambia tumelipia usiku mbili hapa. Akasema loji zimejaa, tunalala Pangboche, mkirudi mtaona.

Pangboche, Dingboche, Lobuche. Usiku mmoja mmoja. Siku ya nne tangu Lukla tuko mita 4,940. Kanuni ya waliosoma mambo haya ni kwamba ukishapita mita 3,000 mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne upumzike moja. Sisi hatukupumzika hata moja.

Jioni ile Lobuche, dada mmoja wa kundi letu, muuguzi wa Mwanza, mtu mkakamavu kuliko wote, alikataa chakula, akatapika, akaanza kujibu maswali nusu. Nikamwambia simama utembee, kisigino mbele ya kidole, mstari mmoja kwenye ubao wa sakafu. Hatua ya tatu akaangukia meza. Kwetu Moshi hata mtoto wa mpagazi anajua hiyo maana yake nini: ubongo unavimba, anateremshwa sasa hivi, hasubiri kukuche. Kiongozi alipoitwa, swali lake la kwanza halikuwa kwa mgonjwa. Aliomba karatasi ya bima. Akasema helikopta itakuja asubuhi, sasa alale.

Mwaka 2018 serikali ya Nepal yenyewe ilichunguza biashara ya helikopta za uokoaji zinazoitwa bila sababu ili bima itozwe. Simsingizii huyu mtu kitu nisichokijua. Helikopta huokoa watu kweli. Lakini usiku hairuki, na mgonjwa wa namna ile usiku ndio unaomuua.

Tulimteremsha mimi na dai. Msaidizi wa kiongozi aliyeandikwa kwenye mkataba hakuwahi kuwepo. Tulikodi farasi wa loji kwa hela yetu, dola 150, hadi juu ya Thukla penye ile minara ya mawe ya kumbukumbu ya waliofia mlimani, pale ikawa mawe matupu na kijana akamshika mkono mmoja mimi mwingine. Tochi yangu ilikuwa inafifia, nilimwangazia miguu yake tu. Saa sita kasoro usiku tukagonga mlango wa kliniki ya Himalayan Rescue Association pale Pheriche, kliniki inayohudumia wapandaji tangu 1973. Wakamweka oksijeni, wakampa dawa. Daktari alituambia tumefanya vyema kutosubiri. Asubuhi alijua jina lake na siku. Kesho yake akatembea mstari ulionyooka. Mungu awabariki watu wale.

Wenzetu wanne walifika kambini, wakatukuta Pheriche, siku ya saba sote tukapita Tengboche kurudi. Ngoma ilikuwa juzi. Uani patupu, watawa wadogo wawili wanafagia, wachuuzi wanakunja maturubai. Nilisimama langoni, kiongozi akasema twende.

Siku ya nane Lukla ndipo tukajua sababu. Jioni anakunywa chai na kundi la wageni wapya, kesho yake, siku yetu ya tisa na ya mwisho, anapanda nao. Siku zetu tano aliziuza kwa watu wengine.

Kathmandu zile siku mbili sitaziandika sana. Boudhanath, sehemu ambayo jioni maelfu wanazunguka stupa, lile kuba kubwa takatifu, na taa za siagi zinawashwa, tulipelekwa saa sita mchana kwa dakika ishirini na tano. Kisha saa mbili nzima kwenye duka la thangka, michoro yao ya kidini, na mabakuli ya shaba, mtu anakuwekea bakuli kichwani analigonga anakutajia bei. Swayambhunath tuliiona kwa dirisha la gari.

Majibu niliyopata hadi leo: wakala wa hapa anasema mwenye makosa ni kampuni ya Kathmandu. Kathmandu wanasema tulivunja mkataba tulipokataa helikopta, hivyo hakuna marejesho. Halafu wakatupa punguzo la asilimia 5 kwenye safari ijayo. Safari ijayo!

Ninachodai nimekiandika kwa barua: malipo ya siku tano kwa watu sita, dola 150 za farasi, na malipo kamili ya mpagazi wa tatu wapewe wale wawili waliobeba mzigo wake.

NYONGEZA: Walioniuliza kama tulimpa dai chochote, tulichanga sisi sita tukampa mkononi, si kupitia kiongozi. Aliyeandika kwamba tungegoma palepale Lukla, ndugu yangu, ukiwa mlimani katika nchi ya watu na mwenye vibali vyote ni yeye, unagoma uende wapi? Mkuu aliyependekeza Tume ya Ushindani, asante, barua nimeshaiandaa, ila nataka kujua kama kuna aliyewahi kulalamika dhidi ya wakala wa hapa kwa huduma iliyotolewa nje ya nchi, na walimtaka kielelezo gani. Nina ratiba yenye mhuri, stakabadhi za benki, picha ya mzani, na karatasi ya kliniki ya Pheriche yenye tarehe na saa. Na kama kuna mtu humu alikwenda na kundi lililopanda na kiongozi yuleyule siku moja baada ya sisi kushuka Lukla, naomba aniandikie faragha aniambie walilala wapi usiku wa kwanza.