Ushauri: OpenQuake inatoa hasara ndogo mno, na mafuriko nianzie wapi?

Daftari_la_Bima: Wakuu, nina faili la majengo 4,200 yenye bima ya tetemeko na mafuriko. Mengi yako Dar es Salaam, mengine Bukoba na Mbeya. Kwa tetemeko natumia OpenQuake (programu ya kukadiria hasara za tetemeko), hesabu ya event_based_risk, inayobuni matetemeko ya miaka mingi na kupima hasara ya kila moja. Inamaliza bila kugoma, ila hasara ya wastani kwa mwaka ni kiduchu na majengo kama 900 hayamo kwenye matokeo. Mafuriko sijagusa. Nikague nini?

nondo12: Koordineti kwanza. Dar ni latitudo -6.8, longitudo 39.28. Alama ya kutoa ikidondoka, jengo linahamia kusini mwa Ethiopia. Namba zikibadilishana safu, linatua Hispania, maeneo ya Cáceres! Programu haishtuki: jengo likiwa mbali na vyanzo vyote vya tetemeko linapata sifuri, basi. Mwaga nukta zote kwenye QGIS (programu ya ramani), dakika tano utaziona.

Halafu hesabu miaka uliyoiga kwenye OpenQuake: investigation_time (urefu wa kipindi kimoja) mara ses_per_logic_tree_path (idadi ya vipindi). Ikitoka 1,000, hasara ya mara moja kwa miaka 250 imeegemea matukio manne tu. Panda hadi 10,000 au zaidi, kisha badilisha ses_seed (namba inayoanzisha bahati nasibu ya matukio) peke yake. Jibu likiruka sana, miaka bado haitoshi.

Angalia na aina ya ujenzi. Nyumba ya bloku isiyo na nguzo za zege ni MUR (ukuta usioimarishwa kwa nondo). Ukiiandika CR (zege lenye nondo) umeipa nguvu isiyokuwa nayo. Kipimo kizuri ni scenario_risk (hesabu ya tetemeko moja tu) ya tetemeko la Kagera, 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Bukoba ikitoka karibu na sifuri, kosa liko kwenye faili lako.

Bonde_la_Msimbazi: Kwa tetemeko, kukosea mita 500 kunavumilika. Kwa mafuriko, mita 100 zinaweza kutoa jengo bondeni Jangwani zikaliweka ukingoni pakavu. Ramani ya mwinuko nayo inadanganya: SRTM, ramani iliyopimwa kutoka angani, inasoma mapaa na miti kama ardhi, kwa hiyo maji yanakosa pa kutuama. Tumia FABDEM, ramani nyingine ya mwinuko ambayo imeondoa mapaa na miti. Chukua kina cha maji penye jengo, toa kimo cha sakafu, ndipo usome mikondo ya uharibifu (michoro ya kina cha maji dhidi ya hasara) ya JRC, kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, ya 2017. Ina ya Afrika. Kimo cha sakafu usikipuuze, sentimita 30 za msingi zinabadilisha fidia kabisa.

Daftari_la_Bima: Nondo12, ni alama ya kutoa kweli, imedondoka kwenye yote 900. Ila majengo 300 ya mikopo yana nukta moja: makao makuu ya benki, Posta.

nondo12: Hiyo ni mbaya kuliko ya kwanza, maana kwenye ramani inaonekana sawa. Omba anwani za dhamana zenyewe, si za mkopeshaji.

Kikokotoo: Anwani zikikosekana, yatawanye majengo hayo kwa nasibu kwenye majengo ya OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) ndani ya kata husika, rudia mara 30, uandike jibu la chini na la juu. Na usijumlishe hasara ya miaka 250 ya tetemeko na ya mafuriko. Wastani wa mwaka ndio unaojumlishika. Kwa hasara ya miaka 250, unganisha matukio yote mwaka kwa mwaka, kisha panga upya. Bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima inajikatia) inakuja mwisho, tukio kwa tukio: hasara ya milioni 620, kampuni yako ikibeba 200 za kwanza, wa bima mtawanyo wanalipa 420 kama mkataba unafika huko. Ukiikata kwenye wastani badala ya tukio, utapata sifuri kila wastani ukiwa chini ya hizo 200.