Expo: nimeanza na Dubai, nikaongeza Osaka. Belgrade 2027 nitenge siku ngapi?

Msafiri_Kinda:
Wakuu, habari zenu. Januari 2022 niliingia Expo ya Dubai, yale maonyesho ya dunia ambako nchi huonyesha mambo yao kwenye mabanda, siku moja tu, kwa tiketi ya dirhamu 95. Nilitoka usiku miguu imevimba, nimeona mabanda 11, na tangu hapo ile hali haijaniacha. Mwaka 2025 nikajikusanya nikaenda Osaka siku 4. Nako nimerudi na deni: banda la Italia sikuingia, na la Japani, lenye lile jiwe lililotoka sayari ya Mirihi, pia sikuingia. Kila asubuhi nilikimbilia makubwa, nasimama foleni saa 2 au 3, nikitoka sina nguvu ya kutazama kingine.

Sasa naweka akiba ya Expo ya Belgrade, Serbia. Watu wangu wa karibu wananiuliza, ukishaona moja si umeziona zote? Sina jibu la kuwapa. Kwa hiyo nauliza: nitenge siku ngapi? Na ninyi mnaorudi kila mara, huwa mnafuata nini?

Kibao_cha_Njia:
Belgrade usiipime kwa Osaka. Hii ni Expo maalumu, zile zinazofanyika katikati ya Expo kubwa mbili. Kwa kanuni haizidi miezi 3, na eneo lake halizidi hekta 25. Osaka ilichukua miezi 6 kwenye kisiwa cha Yumeshima, hekta 155 hivi. Belgrade itafunguliwa 15 Mei na kufungwa 15 Agosti 2027, mada ni michezo na muziki. Siku 3 zinakutosha.

Mama_Mihuri:
Siku 3 za Kibao ni sawa kama nia yako ni kulizunguka eneo lote mara moja. Mimi nimetenga 8, na nitakueleza sababu.

Shanghai 2010 nilipelekwa na kazi. Nilikuwa na siku moja ya mapumziko nikaitumia Expo. Foleni ya banda la Saudia ilikuwa ya saa nyingi, nikaiacha, nikaenda la Uingereza. Kwa mbali lilionekana kama kitu chenye manyoya. Ukisogea unakuta ni vijiti 60,000 vinavyopitisha mwanga, kila kimoja kirefu zaidi ya mita 7, na kwenye ncha ya ndani kimefungiwa mbegu. Mchana mwanga wote wa ndani ulikuwa wa jua, umesafiri ndani ya vile vijiti. Nikiwa nimesimama katikati, wingu likapita huko juu. Ukumbi mzima ukafifia, kisha ukang'aa tena taratibu. Watu wote walinyamaza. Kesho yake, baada ya kazi, nikalipa tena niingie jioni, nione likiwaka kutoka ndani kwenda nje. Expo ilipokwisha banda lile likavunjwa, vijiti vikagawiwa. Leo ukienda hulikuti.

Hilo ndilo jibu la watu wako, mwanangu. Makumbusho utayakuta mwaka ujao. Mji wa Expo unajengwa, unaishi miezi michache, unavunjwa, na ule uliokuja baada yake haufanani nao. Milano 2015 ilikuwa ya chakula: nchi nyingi ziliwekwa pamoja kufuata mazao, kwa hiyo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia ungezikuta kwenye kundi la kahawa, na Tanzania kwenye la viungo. Dubai ilikuwa tofauti kabisa, kila nchi na banda lake. Aliyeona ile ya kwanza hajaiona ya pili hata kidogo.

Dubai nilinunua pasi ya msimu, dirhamu 495. Ukiingia mara 6 imeshajilipa, na mimi niliingia 14. Pasi inakubadilisha mwendo, maana huna tena haraka ya kumaliza. Banda la Czech lilikuwa na mtambo wa kuvuna maji kutoka hewa ya jangwani. Siku ya kwanza niliyaona maji, nikasema vizuri, nikapita. Siku ya tano nikarudi asubuhi mapema hakuna watu, nikamuuliza mhudumu, na akanieleza nusu saa nzima: hewa inapitishwa kwenye kitu kinachonyonya unyevu, kitu hicho kinapashwa moto ili unyevu utoke, kisha unapozwa uwe maji, na nguvu yote ni ya jua. Mara ya tatu nilikwenda kuangalia mimea tu, ile iliyokuwa ikinyweshwa maji hayo.

Osaka nako. Ule mduara mkubwa wa mbao, kilomita 2 kuuzunguka, nilikuwa naupanda kila jioni. Mchana nilikuwa chini yake natazama maungio, nguzo zimetobolewa na boriti kupitishwa ndani yake, kama mafundi wa mahekalu ya zamani ya Kijapani. Lakini nilikokaa sana ni kwenye yale majumba ya pamoja, ambako nchi nyingi ndogo ziligawana paa moja. Huko hakukuhitajika kuweka nafasi mapema. Kwenye banda moja palikuwa na ngoma bila maelezo yoyote. Nilipita mara mbili nikisalimia tu. Mara ya tatu yule kijana wa banda akanivutia kiti, akaishusha ile ngoma na kunionyesha mahali ngozi iliposhonwa upya. Ilikuwa ya babu yake. Walioingia siku ile kwa kukimbilia muhuri wa banda kwenye daftari, na walikuwa wengi, hakuna aliyeisikia habari hiyo.

Msafiri_Kinda:
Shikamoo mama. Nimekuelewa, na nimeona kosa langu. Lakini mama, si wewe mwenyewe unajiita Mihuri? Na ile bahati nasibu ya nafasi za kuingia mabanda Osaka ulishindaje? Mimi iliniangusha kila nilipojaribu.

Mama_Mihuri:
Marahaba mwanangu. Mihuri naipenda sana, ninayo madaftari matatu. Desturi hii ina umri: Montreal 1967 tiketi yenyewe ilitengenezwa mfano wa pasipoti, ukagongewa muhuri banda kwa banda. Ila nina sheria moja, sigongi mpaka nimeuliza swali, na jibu naliandika pembeni ya muhuri. Kurasa zisizo na jibu nikizifungua leo hazinikumbushi kitu.

Nafasi za Osaka zilikuwa na milango kadhaa. Bahati nasibu ya miezi 2 kabla, nyingine ya siku 7 kabla, halafu siku 3 kabla anayewahi anapata, na mwisho unajaribu ukiwa umeshaingia ndani siku hiyo hiyo. Bahati nasibu zilinikatalia karibu zote. Huo mlango wa mwisho ndio ulionifaa, kwa sababu watu hufuta nafasi mchana kutwa. Italia niliingia hivyo, karibu na saa ya kufunga, nikasimama mbele ya sanamu ya marumaru kutoka Napoli, yule Atlas wa hadithi za Kigiriki aliyebeba tufe la mbingu mabegani. Nilimzunguka nikauona mgongo wake. Saa 3 za foleni ya asubuhi zisingeniachia utulivu ule.

Mhudhuria_Kimya:
Naongeza kidogo. Pasi ya msimu si jambo la leo, kwenye Expo ya London 1851 zilikuwepo, na Malkia Victoria mwenyewe alirudi mara nyingi kwenye lile jumba la vioo ilimofanyika. Kwa Belgrade epuka siku za ufunguzi, Expo nyingi huwa na mabanda ambayo hayajakamilika. Epuka pia wiki za mwisho, watu hufurika.

Mama_Mihuri:
Kweli kabisa. Mimi nitaingia wiki ya pili ya Juni.

Msafiri_Kinda:
Basi nimefuta 3, nimeandika 7, kuanzia Juni hiyo hiyo. Siku ya kwanza sipangi foleni yoyote, natembea tu. Na daftari nimeshanunua.