Hilux ya zamani inatetemeka na kutoa moshi mweusi, nianzie wapi?

mbeba_mchanga: Wakuu habari zenu, nina Hilux ya dizeli injini 3L, mwezi sasa ikiwa silensa (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta) inatetemeka hadi saitimira inacheza, nikipanda mlima na mzigo moshi mweusi tii utadhani nachoma tairi, na mafuta inakunywa balaa. Fundi anasema nibadilishe pampu nzima ya dizeli na hela yenyewe ndo hiyo hamna.

spana_mkononi: Usiguse pampu mkuu. Moshi mweusi ni dizeli nyingi hewa kidogo, haiungui yote. Fungua eakilina (chujio la hewa) kwanza, mi yangu niliigonga chini likatoka vumbi la kufinyangia chungu 😂

bi_dizeli: Eakilina sawa ila haitetemeshi gari hivyo, hapo nanusa nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Iwashe iwe silensa, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja halafu uikaze, ukilegeza mlio ukabadilika silinda hiyo inafanya kazi, usipobadilika ndo mgonjwa wako huyo. Funika na kitambaa na vaa miwani, mkono usiukinge pale, dizeli ya presha inatoboa ngozi.

mbeba_mchanga: Eakilina mpya, moshi umepungua kama nusu. Ya tatu nimelegeza mlio uleule! Kuitoa nozeli kuipima inadondosha matone badala ya kupuliza ukungu.

bi_dizeli: Basi zote nne zikapimwe presha kwenye mashine, na zikirudi weka washa (vipete vya kuzibia nozeli) mpya. Ya tatu ikigoma tena pima kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda), pampu iache kwanza.