Wakuu, Java nimeinstoli kwenye Ubuntu lakini folda yake siioni. JAVA_HOME niielekeze wapi?

Mgeni_wa_Terminali (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Nimehamia Ubuntu 24.04 juzijuzi kutoka Windows, laptopu yangu ya zamani ilikuwa imeshachoka kabisa. Chuoni tumeambiwa kila mtu awe na Java na Maven (kifaa cha kujengea miradi ya Java, amri yake ni `mvn`) kabla ya kipindi kijacho. Nikaandika:

`sudo apt install default-jdk maven`

Vikaingia bila tabu, na `java -version` inajibu 21. Shida ni kwamba mwongozo tuliopewa unasema niweke JAVA_HOME (ile anwani inayoziambia programu nyingine Java iko wapi) "kwenye folda ilipoinstoliwa Java". Kule Windows nilikuwa nafungua Program Files, naiona imekaa pale, nakopi anwani, kazi imeisha. Huku sioni kitu cha namna hiyo. `which java` inanijibu /usr/bin/java, basi nikaweka JAVA_HOME=/usr/bin. Sasa `mvn` imegoma, inalalamika JAVA_HOME haiko sawa.

`dpkg -L default-jdk` nayo inanitolea vitu vya /usr/share/doc tu, kama vile hakuna Java humo. Sasa Java yenyewe iko wapi jamani? Na kwa jumla mtu wa Linux anajuaje programu imejiweka wapi? Diski yangu pia ni ndogo, ningependa programu kubwa zikae patisheni nyingine.

Chumvi_Kidogo

Rudi Windows mdogo wangu, maisha yenyewe mafupi 😂

Kitasa

Achana na huyo. Andika hii ubandike jibu hapa:

`readlink -f $(which java)`

Mgeni_wa_Terminali

Imetoa hivi mkuu:

/usr/lib/jvm/java-21-openjdk-amd64/bin/java

Kitasa

Ndiyo hiyo. Kata mkia wa /bin/java, kinachobaki ndicho JAVA_HOME:

`export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-21-openjdk-amd64`

Kilichokuponza ni kwamba /usr/bin/java si Java, ni linki. Inaelekeza /etc/alternatives/java, na hiyo nayo inaelekeza huko kwenye jvm. `which` inaishia kwenye mlango wa kwanza, haifuatilii. `readlink -f` inafuata linki zote mpaka faili halisi. Maven nayo ikikuta JAVA_HOME, inaongeza /bin/java mbele yake. Kwa hiyo ilikwenda kutafuta /usr/bin/bin/java, ambayo haipo duniani. Ungeiacha JAVA_HOME tupu kabisa, `mvn` ingeitafuta java yenyewe na kuendelea na kazi.

Bi_Seva

Kitasa amemaliza la Java, mimi nijibu lile la jumla, maana kila anayetoka Windows huja nalo.

Kwenye Debian na Ubuntu, programu haikai folda moja. Faili zake hugawanywa kwa aina: zile za kuendeshwa zinakwenda /usr/bin, maktaba zake /usr/lib, picha na nyaraka /usr/share, mipangilio ya mfumo mzima /etc, na data inayobadilika kila siku /var. Ukiinstoli VLC, vipande vyake viko sehemu kadhaa kati ya hizo pamoja na vipande vya programu nyingine. Kwa hiyo "folda ya VLC" unayoitafuta haipo. Kilichopo ni daftari, na mwenye daftari ni dpkg, msimamizi wa pakeji ambaye apt humtumia. Ndiye anayejua faili gani ni ya nani, ndiyo maana ukisema `apt remove` anaokota vipande vyake, ukiacha mipangilio ya /etc, bila kugusa vya jirani.

Unamuuliza kwa njia mbili. Unajua jina la pakeji, unataka faili zake:

`dpkg -L vlc-bin`

Umekutana na faili, unataka kujua imeletwa na nani:

`dpkg -S /usr/bin/vlc`

Ukipenda kuliona daftari lenyewe kwa macho, fungua /var/lib/dpkg/info uangalie faili zinazoishia na .list. Ni maandishi ya kawaida tu. Soma, usiguse.

Sasa kwa nini default-jdk ilikuonyesha nyaraka tupu? Kwa sababu yenyewe ni pakeji ya kuagiza tu. Kazi yake ni kuvuta zile zenye mzigo, openjdk-21-jdk na wenzake. Jaribu:

`dpkg -L openjdk-21-jdk-headless | grep bin`

Utaiona javac yako (ile ya kukompaili) humo. Ukikuta pakeji inaonekana tupu namna hiyo, piga `apt depends` na jina lake, ujue mzigo umebebwa na nani.

Mgeni_wa_Terminali

Asante sana dada, nimeiona javac. Ila `dpkg -S /usr/bin/java` inasema hakuna pakeji yenye faili hiyo. Daftari lina mapengo?

Bi_Seva

Swali zuri hilo. Linki ile haikuja ndani ya pakeji yoyote, ilitengenezwa na update-alternatives (chombo cha kuchagua toleo lipi litumike) wakati wa kuinstoli, ndiyo maana dpkg haina habari nayo. Ifuate kwanza kwa `readlink -f`, halafu upeleke jibu lake kwa `dpkg -S`. Vivyo hivyo, faili ambazo programu imejiundia ikiwa kazini, na mipangilio yako iliyo ndani ya ~/.config, hutaziona kwenye `dpkg -L`.

Kitasa

Na siku ukiwa na Java 17 na 21 pamoja, `update-alternatives --list java` inakuonyesha zote ziliko. Kubadilisha, tumia `sudo update-java-alternatives`, si ile ya `--config java` peke yake. Hiyo inageuza java tu na kuiacha javac palepale, halafu unakompaili kwa 21 na kuendesha kwa 17, makosa yanayotoka hapo yanachosha kweli.

Mzee_wa_Kofia

Sisi wa Fedora: `rpm -ql` badala ya `dpkg -L`, na `rpm -qf` badala ya `dpkg -S`. Mengine ni yaleyale.

Bandari_Linux

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu mmesahau snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuleta programu, na huko ndiko wageni hupotea zaidi. Tangu Ubuntu 22.04, Firefox huja kama snap. Ukifanya `dpkg -L firefox` utaona vifaili vichache tu, kwa kuwa ile ya apt ni ya kukupeleka kwenye snap. Firefox yenyewe iko /snap/firefox/current, na mafaili yako ya Firefox yako ~/snap/firefox. Ndani ya /snap huwezi kubadilisha kitu hata ukiwa root, kila snap ni faili iliyofungwa na kufunguliwa kwa kusoma tu. Kwa hiyo ndugu mwenye diski ndogo, ukipiga `df -h` uone mistari ya loop (ndizo snap hizo) imejaa asilimia 100, usishtuke. Hivyo ndivyo zilivyo. Mzigo wake halisi upo /var/lib/snapd/snaps.

Flatpak, njia nyingine kama snap, nayo ina makao yake, /var/lib/flatpak. Na ukidanlodi kitu cha tar.gz ukakifungua mwenyewe, hakuna daftari linalokijua, kipo pale ulipokiweka. Desturi ni /opt au /usr/local.

Pweza_wa_Python

Na pip, kiletaji cha maktaba za Python, ni nchi nyingine kabisa. Maktaba za Python zilizoletwa na apt ziko /usr/lib/python3/dist-packages. Ulizoweka mwenyewe ndani ya venv (mazingira ya Python yaliyotengwa) ziko lib ya venv hiyo, folda ya site-packages. Usikisie, uliza:

`python3 -m pip show -f requests`

Inakupa mahali na orodha ya faili. Iite hivyo kwa `python3 -m pip`, maana `pip` peke yake inaweza kuwa ya Python usiyoitumia. Na Ubuntu 24.04 ikikukatalia kuinstoli kwa pip nje ya venv, usilazimishe. Imekatazwa makusudi ili usiharibu Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea.

Mgeni_wa_Terminali

Nimeelewa. Na lile la patisheni nyingine?

Bi_Seva

Kwa apt, sahau. Pakeji inakuja na anwani zake tayari, huulizwi uiweke wapi. Na usihamishe kitu cha /usr kwa mkono, daftari litabaki linasema kipo na wewe umeshakiondoa. Kwa nafasi, anza na `sudo apt clean`, inafuta vile vifurushi vilivyodanlodiwa ndani ya /var/cache/apt/archives. Kisha `du -sh ~/* ~/.cache` uone mla diski ni nani. Mara nyingi ni nyumbani kwako wala si /usr.

Ukifika kwenye Android Studio (ya kutengenezea app za Android) hapo una uhuru: ile ya tar.gz inafunguliwa popote, na SDK yake (zana za kutengenezea app), ambayo kwa kawaida inakaa ~/Android/Sdk, unaweza kuielekeza patisheni nyingine kwenye mipangilio. Inakuja pia na Java yake ndani ya folda ya jbr, kwa hiyo usishangae ukikuta toleo lake haliendani na hilo la apt.

Mgeni_wa_Terminali

`mvn -version` imekubali wakuu 🙏 Lakini nikifunga terminali na kufungua tena, JAVA_HOME imerudi ile ya /usr/bin.

Kitasa

Ile mbovu uliiandika kwenye faili fulani. Itafute:

`grep -n JAVA_HOME ~/.bashrc ~/.profile /etc/environment`

Ikikuonyesha mstari, rekebisha hapohapo, usiongeze wa pili chini yake. Ikiwa ni ~/.profile au /etc/environment, toka kwenye akaunti yako uingie tena ndipo ishike. Na ukipenda isikusumbue siku Java itakapopanda toleo, weka /usr/lib/jvm/default-java. Hiyo ni linki ya kwenda kwenye Java ya kawaida ya Ubuntu yako, na Maven inaikubali.

Mgeni_wa_Terminali

Ilikuwa kwenye .bashrc, mstari wa mwisho kabisa. Nimeweka default-java, imeshika.